Chumvi iliyodai mshipa: kisa cha tartari ya kutapisha na kichocho nchini Misri

Katika miaka ya 1960, mtaalamu mgeni wa magonjwa ya nchi za joto alisimama katika kliniki moja nchini Misri akimtazama daktari anavyochoma sindano. Foleni ilikuwa ya wanaume, wanawake na watoto, wote wana kichocho. Daktari yule alikuwa na mkono mwepesi. Kwa muda usiotimia saa moja, na humo humo akiwa amepumzika dakika 10, alichoma sindano zaidi ya 500, zote za mshipani. Ni kama sekunde 5 kwa kila mgonjwa. Bomba likishatumika liliwekwa kwenye sinia la upande mmoja. Muuguzi alilichukua, akaliosha vizuri, akalichemsha dakika moja au mbili, akaliweka kwenye sinia la pili limsubiri mgonjwa mwingine. Mgeni aliyaandika hayo kwa kuusifu ustadi wa daktari.

Kilichokuwa ndani ya mabomba yale ni chumvi ya asidi ya tartariki, ndugu wa karibu kabisa wa ule unga mweupe ambao waokaji huutia kwenye ute wa mayai. Miongo mitatu baadaye Misri ilijikuta na maambukizi ya homa ya ini C kwa kiwango ambacho hakikuonekana katika nchi nyingine yoyote.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mabomba machafu. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Bomba chafu linaeleza jinsi virusi vilivyosafiri. Halielezi kwa nini mamilioni ya watu wa vijijini, wakiwemo watoto wengi, walilazimika kuchomwa mshipani tena na tena, mwaka baada ya mwaka. Jibu la swali hilo limo ndani ya ile chumvi yenyewe, na hapo ndipo ninapotaka tuanzie.

Asidi ya tartariki hupatikana kwa wingi kwenye zabibu, na pia kwenye ukwaju. Molekuli yake ni fupi: kaboni nne tu, zimepangana mstari mmoja. Kaboni mbili za mwisho zimebeba makundi ya asidi, na zile mbili za katikati kila moja ina oksijeni yake iliyoshikana na hidrojeni. Kwa hiyo kitu hiki kidogo kina mikono ya oksijeni kila upande, na mikono hiyo hukumbatia metali. Ukizichunguza chumvi zote za asidi hii, yaani tartareti, utaona jambo lilelile likijirudia: mbebaji ni yuleyule, mzigo ndio unaobadilika.

Mzigo ukiwa potasiamu, na asidi ikabakiwa na nusu ya uchachu wake, tunapata krimu ya tartari. Hizo ni fuwele zinazoganda zenyewe kwenye kuta za mapipa ya mvinyo, zikakwanguliwa, zikasafishwa na kusagwa. Krimu ya tartari ikikutana na magadi soda ndani ya donge lenye maji, gesi ya kaboni dioksidi hutoka na keki ikaumuka. Ikitiwa kwenye ute wa yai unaopigwa, povu hushikamana badala ya kunywea. Ikitiwa kwenye shira inayochemka, huvunja sehemu ya sukari ili isirudi kuwa chengachenga. Kwenye vifungashio vya vyakula huandikwa E336. Mzigo ukiwa sodiamu na potasiamu kwa pamoja, ni chumvi ya Rochelle, iliyotengenezwa na mwuza dawa Pierre Seignette wa mji wa La Rochelle, Ufaransa, katika karne ya 17, na kwa muda mrefu ilikuwa dawa ya kulainisha choo. Wanafunzi wa kemia wanaifahamu kwa kazi nyingine: katika kimiminiko cha Fehling, kinachotumika kupima sukari, chumvi hiyo ndiyo inayoishika shaba isizame chini kama tope pale alkali inapotiwa. Kazi hiyo, ya kuishika metali ibaki majini, ndiyo kiini cha kisa chetu.

Mzigo si lazima uwe metali. Noradrenalini inayotundikiwa mgonjwa ambaye shinikizo la damu limeporomoka huwa ni tartareti. Matone ya brimonidini kwa ugonjwa wa glakoma ni tartareti. Metoprololi ya kumezwa mara mbili kwa siku ni tartareti, ilhali ile ya mara moja, inayoachiliwa polepole mwilini, ni suksineti, yaani chumvi ya asidi nyingine. Mfamasia akikukataza kubadilisha moja kwa nyingine, msikilize, kwa sababu lile jina la pili kwenye pakiti lina uzito wake.

Mbebaji mwenyewe hana madhara ya kutisha kwa kiasi kinacholiwa kwenye chakula. Hata pale krimu ya tartari inapomdhuru mtu aliyeila kwa vijiko vingi akidhani anasafisha tumbo, kinachomdhuru ni mzigo: katika kila gramu 5 mna takriban gramu 1 ya potasiamu, na madaktari wamekwisha kuripoti wagonjwa ambao mapigo ya moyo yao yalivurugika vibaya kwa njia hiyo.

Sasa tuweke antimoni.

Antimoni ni jamaa wa aseniki kwenye jedwali la elementi, na oksidi yake haimumunyiki katika maji. Ukiitikisa kwenye chupa, itatulia chini kama chokaa. Lakini ichemshe pamoja na krimu ya tartari, ileile ya jikoni, na maji yatakuwa maangavu: molekuli mbili za tartareti zimezifumbata atomu mbili za antimoni katikati yao, kama viganja viwili vilivyofunika mbegu. Yakipoa, hutoka fuwele nyeupe ambazo zaidi ya theluthi ya uzito wake ni antimoni, na zinamumunyika. Watu waliijua tabia hii kabla ya kuwa na kemia ya kuieleza. Mvinyo uliolazwa usiku kucha kwenye kikombe cha antimoni uliamka ukiwa dawa ya kutapisha, kwa kuwa asidi yake ilikuwa imekwisha kuila metali. Mwaka 1631 Adrian von Mynsicht alieleza jinsi ya kuitengeneza chumvi yenyewe, na kwa karne nyingi waganga wa Ulaya waliitumia kutapisha, kutoa jasho na kutibu homa za kila namna. Jina likabaki hilo: tartari ya kutapisha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 dawa hii ya zamani ilipata kazi mpya. Ilijaribiwa dhidi ya vimelea vya malale, na mnamo 1912 Gaspar Vianna wa Brazili akaonyesha kwamba inaponya vidonda vya leishmania, vimelea vinavyoenezwa na usubi. Mwaka 1918 John Christopherson, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Khartoum, alichapisha habari kwamba tartari ya kutapisha, ikichomwa mshipani, inatibu kichocho. Kwa mara ya kwanza kukawa na dawa iliyoaminika dhidi ya ugonjwa huo.

Nchini Misri habari ile ilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kukadiria leo. Kichocho ni mkazi wa kale wa bonde la Nile: mwaka 1910 Marc Armand Ruffer aliripoti mayai ya minyoo wanaosababisha kichocho ndani ya figo za maiti zilizohifadhiwa tangu enzi za mafarao. Minyoo wenyewe waligunduliwa Cairo mwaka 1851 na Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, ndipo ugonjwa ukapata jina la bilhazia. Zamani mto ulifurika mara moja kwa mwaka, kisha mashamba yakakauka na konokono wanaohifadhi vimelea wakafa kwa wingi. Bwawa la Aswan la mwaka 1902, na umwagiliaji wa mwaka mzima uliokuja nalo, uliifanya mifereji iwe na maji kila msimu. Konokono wakastawi. Mkulima alisimama majini akipanda, mkewe akafua humo, mtoto akaogelea humo. Kukawa na vijiji vya Delta, yaani nchi tambarare ambako Nile hugawanyika kabla ya kuingia baharini, ambako zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa na vimelea, na mvulana kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida. Ugonjwa huo huziba mirija ya mkojo, hukausha ini, na kwa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu. Ninayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba waliochoma zile sindano walikuwa watu wazembe waliocheza na miili ya wengine. Walikuwa wanapambana na adui wa kweli kwa silaha waliyokuwa nayo.

Lakini silaha ile ilikuwa na masharti.

Sharti la kwanza ni mlango wa kuingilia. Ukiinywa tartari ya kutapisha, kama miligramu 30 tu zinatosha kukutapisha, na dawa inatoka kabla haijafanya kazi. Ukiichoma kwenye msuli, inaunguza na kuiua nyama iliyo karibu. Imebaki damu peke yake, kwa sababu damu inaendesha na kuizimua dawa kabla haijauma mahali pamoja. Hata humo lazima uhakikishe kwamba ncha ya sindano imekaa sawasawa ndani ya mshipa, maana matone machache yakivujia nje, mkono huvimba na nyama huoza.

Sharti la pili ni idadi. Kiasi kinachoua minyoo kiko karibu mno na kiasi kinachoudhuru moyo wa mgonjwa. Haiwezekani kumpa yote siku moja. Katika mpango wa Christopherson dozi ilianza na kama miligramu 30, ikapandishwa kidogo kidogo hadi kama miligramu 130, kwa siku za kupishana, kwa wiki kadhaa. Kozi kamili ilikuwa sindano 12 au zaidi. Wagonjwa walishikwa na kikohozi kikali sindano ikiwa bado mkononi, walitapika, viungo viliwauma, na wachache walifariki moyo uliposhindwa.

Naomba tusogee karibu na mkono wa yule daktari, kwa sababu sharti la kwanza na la pili yanakutana hapo. Anayechoma mshipani huingiza ncha, kisha huvuta pistoni nyuma kidogo aone damu ikichirizika ndani ya bomba. Ile damu ndiyo uthibitisho kwamba yumo ndani ya mshipa. Kwa dawa isiyoumiza unaweza kulifanya hilo kwa ulegevu. Kwa dawa inayoozesha nyama, huwezi kuliruka. Basi tahadhari iliyomlinda mgonjwa dhidi ya chumvi ndiyo hiyo hiyo iliyoitia damu yake ndani ya bomba la kioo ambalo dakika chache baadaye litaingia kwa mtu mwingine. Mgonjwa hakuambukizwa kwa sababu daktari alikosea hatua. Aliambukizwa kwa njia ya hatua iliyofanywa sawasawa, kwenye chombo ambacho dakika moja au mbili za maji ya moto hazikukisafisha.

Kuhusu minyoo, dawa ilifanya kazi. Antimoni ikifika kwenye damu huachana na tartareti na kuzifuata protini. Katikati ya karne, watafiti walionyesha kwamba inazuia kimeng'enya kimoja ambacho mnyoo anakitegemea kuichoma sukari, na kwamba kimeng'enya cha mnyoo huathirika kwa kiasi kidogo cha dawa kuliko kile cha mwanadamu. Mnyoo aliyekosa nguvu huachia ukuta wa mshipa, akasombwa na damu hadi kwenye ini, akafia huko. Tofauti hiyo ndogo kati ya kimeng'enya chake na chetu ndiyo nafasi nzima ya tiba. Nafasi nyembamba, ndiyo maana ya zile dozi ndogo ndogo nyingi.

Kampeni zilianza katika miaka ya 1920 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kati ya mwaka 1964 na 1982, sindano zaidi ya milioni 2 zilichomwa kila mwaka, kwa watu wapatao 250,000. Ukigawa, unapata kama sindano 8 kwa mtu, ilhali kozi kamili ilikuwa 12 au zaidi. Ninavyoisoma hesabu hii, wengi waliacha katikati, na si ajabu ukizingatia jinsi dawa ilivyowatesa. Aliyeacha alibaki na minyoo. Hata aliyemaliza alirudi kwenye mfereji uleule, akaambukizwa upya, na baada ya muda akaonekana tena kwenye foleni. Kwa hiyo ukali wa chumvi na maji ya mfereji vilisaidiana kuongeza idadi ya sindano katika maisha ya mtu mmoja.

Virusi vya homa ya ini C havikuwa na jina wakati huo. Vilitambuliwa mwaka 1989, na kazi hiyo iliwapatia Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kabla ya hapo aliyeambukizwa hakuwa na la kuonyesha. Wengi hawaugui kabisa mwanzoni: hakuna manjano ya macho wala homa ya kukumbukwa. Ini linachakaa kimya kimya kwa miaka 20 au 30, kisha tumbo linajaa maji, au mtu anatapika damu, au anaambiwa ana saratani. Hata hapo, katika nchi yenye kichocho, daktari alikuwa na mshukiwa tayari. Ini bovu lilihesabiwa kuwa kazi ya minyoo. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokificha kisa kwa muda mrefu zaidi: ugonjwa ulioletwa na tiba ulifanana na ugonjwa uliokuwa ukitibiwa, na kila ini lililokauka lilikuwa sababu nyingine ya kuongeza bidii ya kuchoma sindano.

Vipimo vilipopatikana katika miaka ya 1990, matokeo ya Misri yaliwashtua watu. Mwaka 2000 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi uliolinganisha kumbukumbu za kampeni na kiwango cha maambukizi. Watafiti walichukua kiasi ambacho kila rika, katika kila eneo, lilikuwa limechomwa tartari ya kutapisha, wakakiweka sambamba na idadi ya waliokutwa na antibodi za virusi, yaani alama zinazobaki kwenye damu ya aliyeambukizwa. Vikaenda pamoja. Cairo na Alexandria, ambako kampeni haikuwa kubwa, maambukizi yalikuwa kidogo. Katika vijiji vya Delta yalikuwa mengi. Watu wazima waliopitia miaka ya sindano waliathirika kuliko vijana waliozaliwa tiba ilipokuwa inabadilika. Utafiti wa jenetiki ya virusi ukaongeza ushahidi wake: aina inayotawala Misri ni ya 4, na hesabu za mabadiliko yake zinaonyesha kwamba ilisambaa kwa kasi katika miongo ya kati ya karne ya 20. Mwaka 2008, uchunguzi wa kitaifa uliwakuta asilimia 14.7 ya watu wa miaka 15 hadi 59 wakiwa na antibodi. Ni mtu mmoja kati ya saba.

Mwangalifu atauliza: je, kwenda pamoja ni kusababisha? Swali ni la haki. Damu ya kuongezewa wagonjwa haikuwa ikipimwa, madaktari wa meno na vinyozi walitumia vifaa visivyotakaswa, na sindano za dawa nyingine zilikuwa nyingi. Njia hizo ziliendelea kueneza virusi hata baada ya tartari ya kutapisha kuachwa, na ndiyo maana maambukizi mapya hayakukoma siku kampeni ilipokoma. Lakini njia hizo hazielezi ramani. Kama kinyozi na daktari wa meno ndio wangekuwa chanzo kikuu, miji mikubwa isingekuwa nyuma ya vijiji. Ninavyouona ushahidi, kampeni ndiyo iliyokijaza kisima, na njia nyingine zikachota humo.

Turudi kwenye dai langu kwamba chumvi ndiyo iliyoitaka njia. Je, si antimoni yenyewe iliyofanya hivyo, na tartareti inasingiziwa? Tunaweza kulipima hilo, kwa sababu antimoni ilipewa wabebaji wengine. Stibofeni, iliyouzwa kwa jina la Fuadin, iliishika antimoni kwa molekuli tofauti kabisa, nayo ilichomwa msulini. Nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya tartari, na ndiyo sababu haikuiondoa kwenye kampeni, lakini inathibitisha jambo: badilisha mbebaji, na mlango unabadilika. Msuli hauna usalama wa kupita kiasi, maana bomba chafu ni hatari popote; ila hauhitaji kuitia damu ndani ya bomba kwa kila mgonjwa kama uthibitisho. Tartareti iliishika antimoni vizuri majini, ikaiachia upesi mwilini. Sifa zote mbili zilikuwa nguvu yake kama dawa, na zote mbili zilimpeleka daktari kwenye mshipa.

Kuna swali gumu zaidi, na silipendi kulikwepa. Je, wakati ule walikuwa na namna ya kujua? Virusi hivi mahsusi, hapana. Lakini manjano yanayofuata sindano hayakuwa siri. Katika miaka ya 1940, wakati wa vita kuu ya pili, madaktari wa Uingereza walikuwa wamekwisha kuandika kuhusu wagonjwa wa kaswende waliokuwa wakichomwa aseniki mshipani, wakapata manjano kwa wingi kwa sababu mabomba hayakutakaswa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Fananisha: elementi jirani, mshipa, kozi ndefu, bomba la kioo, foleni. Onyo lilikuwa limechapishwa kabla kampeni ya Misri haijafikia kilele chake. Vyombo vya kutakasia kwa mvuke wenye shinikizo vilikuwepo. Kilichokosekana ni muda na mabomba ya kutosha: bomba linalochemshwa ipasavyo linakaa nje ya kazi kwa dakika nyingi, na foleni ya watu 500 kwa saa ingehitaji mamia ya mabomba kwenye zamu. Hapo ndipo ninapoiona lawama, na ninaiweka kwenye mpango kuliko mkono uliochoma. Kasi ile iliyosifiwa na mgeni ilikuwa ndiyo dalili ya hatari, lakini mafanikio yalikuwa yakihesabiwa kwa sindano zilizochomwa. Hesabu hiyo hainasi kinachobaki kwenye pistoni.

Mwisho wa tartari ya kutapisha haukuletwa na hofu ya virusi. Uliletwa na kidonge. Prazikwanteli ilipopatikana na kuenea katika miaka ya 1980, mgonjwa wa kichocho aliweza kumeza dozi moja, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili wake, akaenda nyumbani. Bomba halikuhitajika tena. Kama minyoo ndiyo wangekuwa habari yote, tungesema Misri imeshinda, maana kichocho kilipungua sana.

Ila deni la ini lilikuwa bado. Mwaka 2014 Misri ilianza kutumia sofosbuvir, dawa ya vidonge dhidi ya homa ya ini C, ikiwa imejadiliana na kupata kozi ya wiki 12 kwa dola 900, wakati nchini Marekani kozi hiyo iliuzwa dola 84,000. Baadaye viwanda vya nchini vikatengeneza nakala na bei ikashuka zaidi. Kuanzia Oktoba 2018 hadi Aprili 2019 serikali iliendesha kampeni ya afya ya watu milioni 100, na takriban watu wazima milioni 50 wakapimwa. Waliokutwa na virusi walipelekwa kwenye matibabu bila malipo. Mnamo Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia hadhi ya dhahabu katika safari ya kuitokomeza homa ya ini C. Nikiisoma habari hiyo, huwa nawawaza wale ambao ini liliwashinda kabla ya 2014, waliokuwa watoto kwenye foleni, waliopelekwa na wazazi waliofanya kila walichoambiwa.

Tartareti yenyewe imerudi kwenye vita vya kichocho, kwa mlango usiomgusa mgonjwa. Mwaka 1848 Louis Pasteur, akiwa kijana wa miaka 25, alikuwa na fuwele za tartareti ya sodiamu na amonia mbele yake, akagundua kwamba ziko za aina mbili, moja kama taswira ya nyingine kwenye kioo, mithili ya mkono wa kushoto na wa kulia. Alizitenga moja moja kwa mkono. Prazikwanteli nayo ina mikono miwili. Mmoja unaua minyoo. Wa pili hauna faida ya maana na ndio wenye sehemu kubwa ya ule uchungu unaowafanya watoto waiteme. Kwa miaka mingi kidonge kimebeba yote miwili, nusu kwa nusu. Mwaka 2011 wanakemia walichapisha njia mbili za kuitenga kwa gharama ndogo, na zote mbili zilitumia asidi zilizotokana na asidi ya tartariki. Asidi hiyo, kwa kuwa nayo ina mkono wake, hutengeneza chumvi na molekuli inayotangulia dawa, ya pande zote mbili, lakini chumvi ya upande mmoja huganda kuwa fuwele na ya upande wa pili hubaki kwenye kimiminiko. Unachuja, unaiondoa asidi kwa alkali, unaitunza kwa kazi ya kesho.

Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kuikubali arprazikwanteli, dawa yenye ule mkono mmoja unaofaa, kwa watoto wa miezi 3 hadi miaka 6. Ni kidonge kidogo kinachomumunyika kwenye maji, mtoto akanyweshwa.